Mkaa wa buku na chungu cha maharage

Katika Dar es Salaam, anayelipia moto wa jikoni kwa bei ya juu kabisa si mwenye jumba la Masaki. Ni mama wa chumba kimoja Mbagala, Buguruni au Tandale, anayenunua mkaa wa buku kila jioni. Tumezoea kuuita mkaa nishati ya mnyonge, na kwa kuuita hivyo tumeacha kuupigia hesabu.

Kopo moja la buku, yaani shilingi 1,000, kila siku ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hapo hujanunua kopo la pili siku ya maharage, wala hujahesabu mafuta ya taa ya kuwashia, wala ule mkaa wa masika ulionyeshewa ghalani, unaofuka moshi nusu saa nzima kabla ya kushika. Kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 ni shilingi 20,000 na ushei. Kwa familia ndogo isiyotumia gesi hiyo kuchemshia maharage na makande, mtungi huo unaweza kuukaribia mwezi. Kwa maneno mengine, anayesema gesi ni ya wenye pesa huenda analipa zaidi ya mwenye gesi, ila analipa vipande vipande, na vipande havionekani.

Nenda kwenye genge la mkaa saa kumi na mbili jioni, uangalie kipimo chenyewe. Kopo limebonyezwa kitako kikaingia ndani. Vipande virefu vimesimamishwa wima ili juu kuwe na kilima, na katikati yake pana uwazi ambao mkono wa mnunuzi haufiki. Gunia likikaribia kwisha, zinabaki chenga, nazo zinapimwa kwa kopo lile lile. Simlaumu muuzaji. Gunia limempitia mchomaji wa porini Pwani au Morogoro, likampitia mwenye lori, ushuru wa mazao ya misitu, mchukuzi na muuzaji wa jumla, na kila mkono umechukua chake. Anayenunua kwa kopo ndiye anayewalipa wote hao, na hana wa kumpa chenji.

Mti nao unalipa. Tanuri la udongo, lile la kufukia magogo na kuyaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa, hupoteza sehemu kubwa ya kuni. Kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ukavu wa gogo na ujuzi wa mchomaji.

Basi kwa nini watu wazima wenye akili timamu wanaendelea na kopo? Kwa sababu kipato chao nacho kinakuja kwa kopo. Anayeuza vitumbua asubuhi akimaliza kurudisha mtaji wa unga, mafuta na sukari, anabaki na hela ya mboga na mkaa. Kumwambia atoe 24,000 kwa mkupuo ni kumwambia asile kwa siku kadhaa. Washauri wengi wa nishati safi hawafiki hapa. Wanamweleza faida za gesi kana kwamba hazijui. Anazijua vizuri sana. Macho yake yanayowasha na sufuria zake zenye masizi vimemfundisha.

Mwezi mgumu katika kuhamia gesi ni wa kwanza, maana mwezi huo unalipa mara mbili: mkaa wa leo na gesi ya kesho. Ukishauvuka, zile 1,000 zilizokuwa zinakwenda gengeni kila jioni ndizo zinazojaza mtungi unaofuata. Kwa hiyo usijaribu kuhama katikati ya mwezi mkavu. Hama siku zamu yako ya upatu inapoangukia, au kikoba kinapogawana, na siku ile ile anzisha kibubu cha gesi pekee, kiwe cha bati au akaunti ya pembeni kwenye simu, kisichoguswa kwa sababu ya nauli wala vocha. Nimewaona akina mama wa kikundi kimoja wakifanya upatu wa kujazia mitungi tu, kila wiki mtu mmoja, na hakuna aliyerudi kwenye kopo kwa kukosa pesa ya kujaza. Pale ambapo makampuni yanafunga mita kwenye mtungi na mteja akalipia kidogo kidogo kwa simu, ni jambo la kuulizia, kwa kuwa huduma hiyo inakwenda na mwendo halisi wa fedha za mtaani.

Gesi peke yake haimalizi kazi. Maharage yatakuumbua. Chungu cha maharage makavu kikikaa kwenye gesi saa mbili na nusu, mtungi mdogo utakwisha kabla ya wiki tatu, na ndipo watu husema, "Nilikwambia, gesi haifai." Kosa lao ni moja tu: wanatafuta nishati moja ya kupikia kila kitu, kwa sababu mkaa umewazoesha hivyo.

Maharage, makande, kunde, supu ya makongoro, kisamvu na nyama ya ng'ombe mzee ni kazi ya presha kuka ya umeme. Nitasisitiza kidogo hapa, kwa sababu chombo hiki kinaogopwa bure. Nyingi zinazouzwa madukani zina ujazo wa lita 5 au 6 na nguvu ya wati 1,000 hivi. Ingechemka saa nzima bila kupumzika ingekula uniti moja. Lakini haichemki hivyo. Inakula umeme kwa nguvu mwanzoni, mpaka presha ipande, kisha inajizima, na kuanzia hapo inajiwasha na kujizima kushikilia joto. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva kwa nusu uniti au chini ya hapo.

Hiyo nusu uniti ni shilingi ngapi? Mteja wa nyumbani wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT asilimia 18 pamoja na tozo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na za mdhibiti wa nishati (EWURA), inafika 356. Nusu yake ni shilingi 178. Mteja mdogo wa kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100, na kwa makato hayo hayo inakuwa 122. Maharage yake yanaiva kwa shilingi 61. Weka hiyo 61 au hiyo 178 kando ya makopo mawili ya mkaa. Sijui chakula kingine cha Mtanzania chenye tofauti kubwa namna hiyo kati ya moto mmoja na mwingine.

Sababu ya kuiva haraka ni joto. Kwenye sufuria ya kawaida maji hayawezi kupita nyuzi joto 100, hata ukitia kuni za lori zima. Moto wa ziada unageuka mvuke na kupotea. Mfuniko wa presha ukiufungia mvuke ndani, maji yanapanda hadi nyuzi 115 hivi. Wakazi wa Mbeya na Njombe wanahitaji chombo hiki kuliko sisi wa pwani. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Ndiyo maana maharage yale yale yanayolimwa kwao yanachelewa kuiva kwao kuliko Temeke. Mama wa Mbeya anatupa mkaa mwingi zaidi kwa chungu kile kile, au anatia magadi ili yalainike, na magadi yanaua baadhi ya vitamini zilizomo.

Ukiinunua, isijazwe kupita theluthi mbili, na maharage yasipite nusu, kwa kuwa yanavimba na kutoa povu linaloziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko uoshwe kila mara na ukaguliwe kama una mpasuko. Usilazimishe mfuniko kabla kipini cha presha hakijashuka. Usiichomeke kwenye eksteshen ya waya mwembamba inayobeba pia friji na televisheni. Gusa waya baada ya dakika kumi, ukiukuta wa moto, ng'oa. Soketi ya ukutani ndiyo mahali pake.

Sasa tufike kwenye nyumba za kupanga, ambako mpango huu wote hukwama. Masharti tunayajua: hakuna pasi, hakuna hita, hakuna jiko la umeme. Mita ya LUKU ni moja, vyumba saba, na kila chumba kinachanga kiasi kilekile. Mwenye nyumba akiona waya unaingia kwenye kitu chenye sufuria, anapiga marufuku. Simshangai. Anakumbuka jiko la koili la wati 2,000 ambalo lilikuwa linawaka mfululizo na kumaliza uniti za wiki kwa siku mbili, na haoni tofauti kati ya koili ile na chombo kinachojizima chenyewe. Matokeo yake ni kwamba mpangaji anaruhusiwa kuangalia televisheni siku nzima na friji yake kuunguruma usiku kucha, lakini hawezi kupika maharage kwa nusu uniti.

Kuna dhuluma nyingine ndani ya LUKU hiyo ambayo haisemwi. Bei ya shilingi 100 iliwekwa kumlinda mwenye matumizi madogo. Familia saba zikiwa kwenye mita moja, hata kila moja ikitumia umeme kidogo, kwa pamoja zinaweza kuzivuka uniti 75. Zikizivuka, mita inahamia kwenye bei ya T1, na watu saba wenye kipato kidogo wanalipa bei ya mtu mwenye nyumba yake na kiyoyozi. Nafuu iliyokusudiwa kwao inakwenda kwa mwenye nyumba ndogo anayeishi peke yake. Wanaopanga bei za umeme wanapaswa kuliangalia hili, kwa sababu wapangaji wa vyumba ndio wanunuzi wakubwa wa mkaa wa kopo, na ndio hao hao tunaotaka wauache.

Kwa sasa, lipo jambo linaloweza kufanyika kabla hata ya serikali kusogea. Mafundi wa umeme wanafunga mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Mita hiyo haikatishi umeme wala hainunuliwi uniti, inahesabu tu. Siku ya kununua LUKU, kila mmoja anasoma namba yake mbele ya wenzake, inatolewa ile ya mwanzo, na anachanga kwa alichotumia. Ugomvi wa nani ana friji unakwisha siku hiyo. Mpangaji asiye na uwezo wa mita amuombe mwenye nyumba jaribio moja: wasome LUKU kabla ya kuwasha presha kuka, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na waisome tena maharage yakiiva. Mwenye nyumba akiona kilichoondoka hakifiki hata uniti moja, mazungumzo yanabadilika. Na aongee naye kwa adabu ya mpangaji kwa baba mwenye nyumba, asubuhi, si siku ya kodi iliyochelewa.

Nirudi kwenye gesi, maana hapa watu wanaibiwa na wengine wanaungua. Kila mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye mwili wake, mara nyingi karibu na shingo au mshikio. Mtungi uliojazwa kilo 6 lazima uwe na uzito huo mtupu pamoja na kilo 6. Muombe muuzaji aupandishe kwenye mizani mbele yako, kisha uangalie lakiri. Hii ni haki yako, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo. Muuzaji anayekasirika akiombwa mizani amekwisha kukujibu.

Ukiunganisha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia kwenye vali ya mtungi mpaka mpira unapoingia kwenye jiko. Vipovu vikivimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti, hata kama fundi wako anafanya hivyo kila siku. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda na kwenye kona, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, fungua mlango. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Funga vali, fungua mlango, toa watoto.

Mtungi usimame wima siku zote. Ile tabia ya kuulaza au kuuweka kwenye beseni la maji ya moto ili "imalizike" naiona mara nyingi na inanitisha. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ukiulaza kimiminika chenyewe kinaingia kwenye mpira na kufika kwenye moto. Mkaa nao una kifo chake cha kimya. Jiko likiingizwa ndani kwa ajili ya joto, kama inavyofanywa Makete na Lushoto mwezi wa Juni na Julai, linatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nishati chafu majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Serikali imesema mengi kuhusu jambo hili na, kwa haki, imefanya baadhi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ulioahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika, na mitungi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa ruzuku ya nusu bei. Ninachoomba ni kwamba tuhesabu mitungi iliyojazwa mara ya pili na ya tatu, tuache kuhesabu iliyogawiwa. Mtungi wa kwanza hutolewa mbele ya kamera. Wa pili mama anautafutia pesa peke yake, na wengi umewashinda. Mitungi hiyo ipo mvunguni, mikavu, jiko la mkaa likiwaka uani.

Wapo wanaosema wali wa mkaa ndio wali. Nakubaliana nao. Wali wa nazi uliopaliwa makaa juu ya mfuniko una ukoko na harufu ambavyo gesi haitoi, na pilau ya shughuli haina mjadala. Lakini ni wali wa siku ngapi? Siku ya Idi, siku ya mgeni, Jumapili moja moja, tia mkaa wa kutosha na upalie kwa raha zako. Jiko la mkaa libaki kwa kazi linayoiweza kuliko vyote. Maharage ya Jumanne hayana ukoko.

Limebaki jambo la ndani ya nyumba ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Katika nyumba nyingi anayepika siye anayeamua kifaa kipi kinunuliwe. Baba anatoa ya mkaa kila asubuhi, ndogo, haiumi, na akiombwa presha kuka ya makumi ya maelfu anasema hela hakuna. Lakini runinga ya inchi 43 ilipatikana kwa awamu tatu. Awamu hizo hizo zinaweza kumtoa mkewe na binti yake kwenye moshi. Aketi jioni moja na mkewe na daftari, waandike kila buku lililokwenda kwenye mkaa mwezi uliopita, pamoja na lile la siku za maharage, na pesa ya kwanza itakayookolewa ikabidhiwe kwake anayepika, aitunze na kuamua yeye.